Tamko la Watu Wanaoishi na Stoma Kuhusu Maambukizi ya Tumbo Yanayojirudia

Sisi wanachama wa chama cha watu wanaoishi na stoma, pamoja na wazazi wa watoto wenye stoma na wauguzi wanaotuhudumia, tunatoa tamko hili kwa Wizara ya Afya, kwa waganga wafawidhi wa hospitali na vituo vya afya, kwa wauza dawa, kwa mifuko ya bima na kwa wananchi wenzetu. Tuna jambo moja la kusema kabla ya mengine. Mtu mwenye stoma anapoharisha, kinachoweza kumuua upesi ni maji na chumvi anavyopoteza, kwa hiyo hivyo virudishwe kwanza hata kabla ugonjwa haujajulikana jina. Na anapoharisha tena na tena, kumpa antibiotiki nyingine bila kipimo ni kumwongezea hatari.

Stoma ni tundu ambalo daktari wa upasuaji hulifungua tumboni ili choo au mkojo upite hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Utumbo mpana ukitolewa nje, hiyo ni kolostomi. Utumbo mwembamba ukitolewa, ni ileostomi. Mwenye kolostomi ya upande wa kushoto hupata choo kinachokaribiana na cha watu wengine. Mwenye ileostomi yuko katika hali nyingine kabisa. Utumbo mpana, ambao kwa kawaida hufyonza lita moja hadi moja na nusu ya maji kila siku pamoja na chumvi, kwake haufanyi kazi tena au umeondolewa. Choo chake ni cha majimaji siku zote, mililita 500 hadi 800 kwa siku, pengine hata 1,000, naye ni mzima wa afya. Kikipita 1,500 na kuendelea hivyo, mwili unaanza kukauka.

Ndiyo maana mkanganyiko huanzia pale mapokezi. Mgonjwa huulizwa amekwenda chooni mara ngapi, maana kuhara tumezoea kukutambua kwa choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku. Kwa mwenye ileostomi swali hilo halina jibu. Wapo wanachama wetu waliorudishwa nyumbani kwa kuambiwa kwamba choo cha maji ndiyo kawaida yao, ilhali tangu alfajiri walikuwa wamemwaga mfuko mara mbili ya wanavyomwaga siku nzima. Tunaomba swali libadilike: umemwaga kiasi gani, na siku zote huwa kiasi gani? Mwenye mfuko anaweza kulijibu vizuri kuliko mgonjwa mwingine yeyote wodini, kwa kuwa chote kinachotoka kinapita mfukoni. Katika kambi za kipindupindu wauguzi huweka ndoo chini ya kitanda chenye tundu ili wakadirie maji yanayopotea. Sisi tunahitaji jagi lenye alama za mililita, daftari na kalamu. Vitu hivyo vikosekanapo hospitalini, kosa si la bajeti.

Ushauri tunaopewa na kila mtu, kuanzia jirani hadi daktari, ni kunywa maji mengi. Unatolewa kwa nia njema, na kwa wagonjwa wengi ni sahihi. Kwa mwenye ileostomi anayetoa maji kwa wingi, maji matupu yanaweza kuzidisha hasara. Yakifika kwenye utumbo mwembamba bila chumvi, sodiamu ya mwilini huvutwa kuyafuata, kisha yote hutoka pamoja. Mtu anakunywa, mfuko unajaa, kiu haiondoki, naye anazidi kunywa. Soda na juisi tamu nazo huvuta maji kuingia kwenye utumbo. Dafu, ambalo watu wa pwani tunalipenda na kumpelekea mgonjwa kwa moyo wote, lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo. Peke yake halimtoshi.

Kinachofaa ni maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo, kwa sababu glukosi huipa sodiamu njia ya kuingia kwenye damu, na maji yakafuata. Paketi za ORS zinazotolewa kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 zina milimoli 75 za sodiamu kwa lita. Fomula ya awali ilikuwa na 90, na kwa mtu ambaye ileostomi yake inatoa maji mengi mno, wataalamu wa utumbo hupendelea 90 au zaidi. Hospitali ya St Mark's ya London ina mchanganyiko wake unaojulikana: gramu 20 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za baikaboneti ya sodiamu katika lita moja ya maji. Hakuna kitu hapo ambacho chumba cha dawa cha hospitali ya mkoa kinashindwa kukipima. Tunaomba kipimwe, kifungwe na kutolewa kwa wenye ileostomi chini ya maelekezo ya daktari. Nyumbani, paketi isipopatikana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa visiwe na kilima, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vitamsaidia mtu wakati akielekea hospitali. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au presha amuulize daktari wake mapema, akiwa mzima, ni kiasi gani kinamfaa.

Dalili za kutokusubiri ni hizi: mkojo kuwa mchache na wa rangi ya chai ya rangi, kizunguzungu unaposimama, misuli kukaza usiku, midomo kukauka, ganzi vidoleni, kutapika kila unachokunywa, damu mfukoni, homa, au mfuko kujaa maji matupu saa baada ya saa. Mwenye dalili hizi asikae kwenye foleni. Figo zinaweza kuumia ndani ya siku chache, na kuumia kwa figo kutokana na kukosa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wenye ileostomi hospitalini baada ya upasuaji. Madaktari wetu wajue pia kwamba sodiamu ya damu inaweza kusomeka sawa wakati mwili umeshapungukiwa. Sodiamu ya mkojo ikishuka chini ya milimoli 20 kwa lita, hiyo inasema ukweli mapema. Magnesiamu nayo ipimwe.

Sasa tuje kwenye kurudi kwa ugonjwa.

Wengi wetu tumebandikwa jina moja tu: taifodi. Mtu anaambiwa ana taifodi mwezi huu, anameza siprofloksasini. Baada ya muda anarudi, anaambiwa taifodi imejirudia, anaongezewa sindano. Kinachotegemewa mara nyingi ni kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili zinaweza kubaki kutokana na ugonjwa wa zamani au chanjo, hata kuonekana kwa sababu ya maambukizi mengine kama malaria. Kikifanywa mara moja tu hakiwezi kuthibitisha kwamba homa ya leo ni taifodi. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, ichukuliwe kabla ya antibiotiki kuanza. Kwa kuhara, choo nacho kioteshwe na kichunguzwe giadia na amiba. Kwa mwenye stoma sampuli ichukuliwe kutoka kwenye mfuko mpya uliovaliwa muda huohuo, au moja kwa moja kwenye stoma. Choo kilicholala mfukoni tangu jana hakifai.

Hatusemi taifodi ni ugonjwa wa kubuni. Baadhi yetu tuna stoma kwa sababu yake. Taifodi isiyotibiwa mapema hutoboa utumbo mwembamba karibu na mwisho wake, na baadhi ya waliotobolewa hutoka chumba cha upasuaji wakiwa na ileostomi. Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Kasese nchini Uganda, mlipuko ulioanza mwishoni mwa 2007 na kufuatiliwa hadi Julai 2009 uliorodhesha wagonjwa 577. Kati yao 249 walitoboka utumbo na 47 walifariki. Mtu aliyenusurika hivyo anarudi kwenye nyumba ileile, kisima kilekile na choo kilekile cha shimo. Bakteria waliomtoboa utumbo bado wako kwenye maji anayokunywa, na sasa ana utumbo mfupi wa kujitetea nao. Kwake neno taifodi linahitaji kipimo cha kweli kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Kurudi kwa ugonjwa kuna sababu zaidi ya moja, na kila moja ina dawa yake. Pengine ni maambukizi mapya kutoka chanzo kilekile, kama kisima, ndoo isiyofunikwa, kachumbari iliyooshwa kwa maji ya bomba, au mikono ya mtoaji chakula. Hapo dozi mpya haisaidii mpaka chanzo kizibwe, na nyumba nzima ihusishwe. Pengine ni ugonjwa uleule uliobaki, kwa kuwa dawa iliachwa katikati au bakteria wamekuwa sugu. Taifodi yenyewe inaweza kurudi wiki mbili tatu baada ya dozi kwisha. Ipo pia sababu inayozaliwa na matibabu. Antibiotiki huua bakteria wema wa tumbo, na nafasi yao huchukuliwa na Clostridioides difficile, anayesababisha kuhara kukali. Huyu anaweza kumpata hata mtu asiye na utumbo mpana, ndani ya utumbo mwembamba uliobaki. Vijimbegu vyake haviuawi na vitakasa mikono vya spiriti. Vinahitaji mikono kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na sakafu kusafishwa kwa dawa ya klorini. Kumwongezea mgonjwa wa namna hii antibiotiki za kubahatisha ni kuulisha ugonjwa.

Na mara nyingine si maambukizi hata kidogo. Jambo hili tunaomba lisomwe polepole. Ileostomi inaweza kuziba nusu kwa chakula chenye nyuzi: embe la nyuzi, machicha ya nazi, mahindi ya kuchoma, karanga, ngozi nyeupe ya chungwa, uyoga. Panapoziba nusu, chakula hubaki nyuma na maji hupenya kwa kasi, kwa hiyo mfuko hujaa maji na mtu hudhani anaharisha. Tumbo hunyonga kwa vipindi, stoma huvimba, kisha maji hukatika na matapishi huanza. Anayepewa dawa ya kufunga choo wakati huo, au dawa ya kulainisha choo, anaweza kupoteza utumbo. Pia kuna bakteria kuzidi kwenye utumbo mwembamba, kuna utumbo uliobaki mfupi mno, kuna kifua kikuu cha tumbo, kuna magonjwa ya uvimbe wa utumbo kama Crohn. Tunaomba basi iwe kanuni: mwenye stoma akirudi na tatizo lilelile, asipewe dozi nyingine bila kipimo cha kuotesha na bila daktari kumpapasa tumbo na kuitazama stoma, mfuko ukiwa umevuliwa. Daktari anayeandika dawa bila kuuvua mfuko hajampima mgonjwa.

Loperamidi wengi wetu tunaitumia kila siku kupunguza mwendo wa choo, na ni dawa nzuri. Kukiwa na homa au damu isitumiwe mpaka daktari aseme. Choo kinapokwenda kasi, vidonge hupita vizima. Wako waliovikuta mfukoni kama walivyovimeza. Anayetumia ARV, dawa za kifua kikuu, za kifafa au za uzazi wa mpango amwambie mhudumu, maana dawa inaweza isifyonzwe. Vidonge visisagwe kabla ya kumuuliza mfamasia, kwani vingine huharibika au hudhuru vikisagwa. Na anayemeza dawa za kukojoza kwa ajili ya presha, au metfomini kwa ajili ya sukari, apewe mapema maelekezo ya nini cha kusimamisha siku za kuharisha na kutapika.

Kwa wauza dawa wa maduka ya dawa muhimu tunasema kama ndugu zenu. Mwenye stoma hufika kwenu kwanza, mara nyingi jioni, kwa aibu, kwa sababu dukani hahitaji kujieleza sana. Mpeni ORS, mwambieni aende kituo cha afya usiku huohuo, msimuuzie nusu dozi ya metronidazo. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa unatugusa mapema kuliko wengine, kwa kuwa sisi tunaumwa mara kwa mara na dawa zikituishia hatuna pa kwenda.

Kuhusu mifuko. Maji yanayotoka kwenye ileostomi yana vimeng'enya vinavyochoma ngozi. Siku za kuharisha gundi huachia, ngozi huchubuka, na mfuko ambao ungekaa siku kadhaa hubadilishwa mara mbili kwa siku. Ndipo familia huishiwa. Watu hufua mfuko uliotengenezwa utumike mara moja, hufunga nailoni kwa kamba, hukunja kanga na kuifunga tumboni. Beseni la kufulia mfuko huwa ndilo la kuoshea vyombo, na mtoto mdogo wa nyumba hiyo ndiye anayeharisha wiki inayofuata. Tunaitaka Bohari ya Dawa iweke vifaa vya stoma miongoni mwa vifaa vinavyohifadhiwa na kusambazwa muda wote, vikiwemo vya watoto, na gundi na poda za ngozi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika kitita cha mafao tunataka vifaa vya stoma vitajwe kwa jina, pamoja na nyongeza kwa kipindi cha kuharisha. Mkataba wa Haki za watu wenye stoma, uliotolewa na Shirika la Kimataifa la Ostomi mwaka 1993, unataja haki ya kupata vifaa vya stoma. Tunaomba haki hiyo isomeke pia kwenye dirisha la dawa la wilaya.

Watoto wana habari yao. Wengi wamezaliwa bila tundu la haja kubwa au na utumbo usio na mishipa ya fahamu, na kolostomi yao ni ya muda, wakisubiri upasuaji wa kurekebisha na kisha wa kufunga. Kila wanapoharisha wanapungua uzito; wakipungua uzito, daktari anaahirisha upasuaji; upasuaji ukiahirishwa, mfuko unabaki na maambukizi yanarudi. Tumewaona watoto wakifika umri wa kuanza shule bado wako katika mzunguko huo. Mtoto mwenye stoma anayeharisha apewe ORS na zinki, aendelee kunyonyeshwa au kulishwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na tarehe yake ya upasuaji isirudishwe mwisho wa foleni. Tunaiomba Wizara pia ifikirie chanjo mpya ya taifodi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2018 na ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto Julai 2025, na iwafikirie wenye stoma mwanzoni kabisa.

Stendi, masoko, shule na nyumba za ibada zinahitaji choo chenye mlango unaofungika, maji yanayotoka, ndoano ya kutundikia mkoba na pipa lenye kifuniko. Kwa kukosa hivyo, wenzetu hawali wala hawanywi kabla ya safari ili mfuko usijae. Mtu mwenye maambukizi akifanya hivyo, ileostomi haisimami. Inaendelea kutoa maji ya mwili wake. Tunawaomba masheikh na maimamu wawakumbushe Waislamu wenye ileostomi, Ramadhani inapokaribia, kwamba mgonjwa ana ruhusa yake, na wamsikilize daktari kabla ya kunuia funga.

Kwa wanachama wenyewe. Kila mmoja apime choo chake siku tatu akiwa mzima na aandike; hiyo ndiyo kawaida yake, na bila hiyo hakuna wa kumsaidia kujua kilichobadilika. Paketi za ORS ziwepo nyumbani na kwenye mkoba. Maji yachemshwe au yatiwe klorini, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na koki. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mfuko, na beseni la mfuko liwe la mfuko tu. Choo kimwagwe chooni, kamwe kisimwagwe uani, hasa wakati wa kipindupindu. Antibiotiki iliyobaki kutoka mara ya mwisho isimezwe. Na usijifiche: mwambie mtu mmoja nyumbani dalili za hatari zilizotajwa hapa, kwa sababu mtu aliyekaukiwa maji huchanganyikiwa na huenda asijue kwamba hali yake ni mbaya.

Chama kinaandaa kadi ya mfukoni kwa kila mwanachama, yenye aina ya stoma, tarehe ya upasuaji, urefu wa utumbo uliobaki ikiwa unajulikana, kiasi cha choo cha kawaida, dawa anazotumia na sentensi ya kumwelekeza mhudumu aanze na maji na chumvi. Tunawaomba madaktari wa upasuaji wajaze kadi hizo kabla ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, na waganga wafawidhi wazitambue mapokezi. Tunaomba pia kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na angalau muuguzi mmoja aliyefunzwa huduma ya stoma, mwenye saa zinazojulikana na namba ya simu inayopokelewa. Wanachama wetu wako tayari kusimama mbele ya wanafunzi wa vyuo vya uuguzi, kuvua mifuko yao na kufundisha.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote.